Wenye Nyasi za Kambove

Mume wangu alikuwa asistanti wa chuo, na kazi yake ilikuwa nyasi. Hazikuwa nyasi za kulisha ng'ombe wala za kuezekea. Zilikuwa nyasi fupi, nyembamba, rangi ya kutu, zinazoota upande wa Kambove juu ya udongo wenye shaba, mahali ambapo hata magugu yanakataa. Alitaka kujua zinakula nini pale na kwa nini hazifi. Mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo alinieleza mara nyingi, na kila mara nilielewa nusu, nusu ileile. Lakini jambo moja nililielewa lote, kwa sababu linafanana na mambo ya ukoo: nyasi zilikuwa za aina moja tu, lakini waliotaka kuitwa baba yao walikuwa wengi.

Ilikuwa miaka ile mji ulipovunjika. Askari walikuwa wamekwisha kupora maduka, na raia wakaja nyuma yao kubeba milango na mabati. Treni za kwenda Kasai ziliondoka zimejaa watu waliozaliwa hapa wakaambiwa hapa si kwao. Mishahara ya chuo ilikuwa kama mvua ya mwezi wa saba: kila mtu alikuwa na mjomba aliyewahi kuiona. Katika hali hiyo mume wangu aliendelea kupima nyasi. Majirani zetu wa mtaa wa Katuba walimwonea huruma. Wachimbaji wa Kambove hawakumwonea huruma, walimfuata. Waliamini kwamba mtu mwenye miwani anayezunguka mlimani kutwa nzima akifunga majani ndani ya magazeti lazima ameona jiwe la thamani. Walimchimbia mashimo nyuma ya kila hatua yake. Mwisho walichoka, wakamwambia kwa heshima kwamba yeye ni mwongo hodari kuliko wote waliowahi kufika pale.

Sasa, utafiti unataka vitu. Unataka gari, umeme, karatasi, utepe wa mashini ya kuchapia. Chuo hakikuwa na kimoja. Kila kitu kiliazimwa. Na zamani, mtu akikuazima sufuria, unamrudishia na chakula kidogo ndani yake. Chuo hakikuwa na chakula cha kuweka ndani ya sufuria za watu. Kilikuwa na kitu kimoja tu cha kugawa: nafasi ya jina juu ya ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa cha habari.

Hivyo majina yakaanza kuota. La kwanza lilikuwa la mume wangu, aliyefanya kazi. La pili lilikuwa la mwenzake aliyepima pamoja naye mwanzo hadi katikati, kisha akapanda mojawapo ya zile treni za Kasai na watoto wake, na hatukupata tena habari zake. Mume wangu alishauriwa alifute, kwa kuwa aliyekwenda hawezi kulalamika. Akasema ndiyo sababu halifutiki. La tatu lilikuwa la mkuu wa idara. Hakuomba. Jina lake lilipanda lenyewe juu ya kila karatasi iliyopita mlangoni pake, kama vumbi. La nne lilikuwa la mwalimu mmoja wa historia ya Warumi aliyekaa mtaa wa Karavia na kumiliki jenereta. Bila jenereta ile tanuri ya kukaushia majani ilikuwa sanduku. Mwalimu huyo hakuwahi kuziona nyasi zenyewe. Siku moja alimwuliza mume wangu, kwa sauti ya mtu anayejali kazi yake, kama zinaliwa.

Kisha kulikuwa na profesa. Yeye alikaa mtaa wa Golf, katika nyumba yenye ua mkubwa uliokuwa sasa umelimwa mahindi, na ndiye aliyemfundisha mume wangu. Jina lake lilikaa mwisho kabisa. Mimi nikadhani wanamdharau.

"Hapana," mume wangu akacheka. "Mwisho ni kiti cha mkubwa. Mbele anakaa aliyetoka jasho, mwisho anakaa mwenye nyumba."

"Na katikati?"

"Katikati ni mizigo."

Yeye alihitaji kiti cha mbele. Alikuwa asistanti tangu nilipomfahamu, na ili apande ngazi moja tu ilibidi achapishe kazi ambayo jina lake liko kwanza. Karatasi nyingine zote alizotolea jasho zilimweka katikati, na mizigo. Hii ya nyasi ndiyo iliyokuwa yake. Aliitaka kama watu wengine wanavyotaka nyumba.

Lori la kwenda na kurudi Kambove lilikuwa la mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo mwenye sauti kubwa, aliyeuza maharage kwa jumla na kusafirisha mizigo ya watu. Alimbeba mume wangu na magunia yake ya majani bila kuuliza kitu. Alipoambiwa kwamba kwa wema huo jina lake litaandikwa, alikuja nyumbani kwetu siku hiyohiyo na kikapu cha maharage. Akakaa, akapewa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akataka aonyeshwe ukurasa. Mume wangu akamwonyesha: yuko nafasi ya tano, na baada yake profesa.

"Huyu wa nyuma ni nani?"

"Ni profesa wetu."

"Ananunulaka mafuta?"

"Hapana."

"Iko na gari?"

"Iko nayo, lakini haitembeake."

"Basi anafanya nini ku nyuma?" Akageukia kwangu kama ninayeamua kesi. "Mama, sikia. Mi ninatumaka magari tatu mu barabara. Mwenye bintu anatembeaka nyuma. Wa mbele akikufa mu matope, ninamuona. Wa katikati akiiba mafuta, ninamuona. Patron hawezi kukaa katikati na kamba ku shingo kama mbuzi. Munitie nyuma."

Nilikuwa nimetazamia agombanie nafasi ya mbele, kama watu wote wanavyofanya kanisani siku ya harusi. Mume wangu naye hakutazamia. Kesho yake akaenda Golf kumsimulia profesa, akidhani watacheka pamoja. Profesa hakucheka. Alisimama katikati ya mahindi yake akasema, "Nyuma ni kwangu! Mi niko nyuma tangu ule muntu hayanunua hata kinga! Akitaka nyuma, aende kuandika yake ya maharage." Kinga kwetu ni baiskeli.

Kwa muda wa majuma kadhaa karatasi ilikwama hapo. Nyasi zilikuwa zimepimwa karibu zote, maneno yamechapwa, na padre mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alikuwa ameahidi kubeba bahasha hadi kwa wale wanaochapisha. Lakini profesa alikuwa hasaini ikiwa hayuko nyuma, na mwenye lori alikuwa haendi tena Kambove ikiwa yuko katikati, na bado lilibaki gunia moja la majani huko. Mimi nilimwambia mume wangu awaandike wote wawili kwa mviringo.

Mwishowe alipata njia, na mpaka leo sijui kama ilikuwa dhambi. Alimwambia mwenye lori: "Patron, lori lako likitembea, nyuma kabisa juu ya mizigo anakaaka nani?"

"Konvoyeri," akajibu. Konvoyeri ni yule msaidizi anayekaa juu ya magunia, anayeshuka kuweka jiwe chini ya gurudumu.

"Basi."

Mwenye lori alifikiri kidogo, kisha uso wake wote ukafunguka. Akarudia jina la profesa na cheo chake kizima, polepole, akiyaonja. Akasema yuko tayari. Lori likaenda Kambove.

Gunia lilirudi. Mume wangu hakuwahi kulifungua lote. Alishikwa na homa akiwa huko, akafika nyumbani akitetemeka, na hospitali wakati ule ilikuwa kitanda na muuguzi mwenye huruma, basi. Hayo sitayaandika zaidi.

Matanga yalikaa nyumbani kwetu Katuba. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, kando ya mbabula, yale majiko ya makaa, wanawake ndani tumekaa juu ya mikeka. Mimi nilikaa pembeni ya dirisha. Kwa ukoo wa mume wangu mjane hasemi na wageni mpaka siku ya kumaliza kilio. Anasalimiwa, anainamisha kichwa. Akitaka maji, anamnong'oneza aliye karibu. Sikuona ugumu. Sikuwa na la kusema.

Wakubwa wa chuo walikuja wakapewa viti vya plastiki, na kwa kuwa kivuli kilikuwa upande wetu wakavipanga chini ya dirisha langu. Profesa alikuwa amelia kweli. Namshuhudia, macho yake yalikuwa mekundu. Lakini mtu anaweza kulia na bado akafikiri kazi. Nilimsikia akimwambia kaka mkubwa wa mume wangu, akimwita yaya kama kaka yake mwenyewe, kwa upole, kama anayegawa nguo:

"Yaya, kuko ile karatasi ya majani. Padre anaondoka juma ijayo. Marehemu jina yake iko mbele. Lakini marehemu hawezi tena kupanda cheo, unaona. Na kuko kijana mumoja, muzuri sana, asistanti pia, anakosa tu karatasi moja ya kukaa mbele. Marehemu tutamutia mu maneno ya kushukuru. Na heshima yote."

"Ule kijana ni nani?" kaka akauliza.

"Ni mutoto wa dada ya bibi yangu."

Kaka ya mume wangu alikuwa fundi wa viatu, hakuwahi kusikia kwamba karatasi ina mbele na nyuma. Akasema, "Bakubwa munajua." Yakaishia hapo. Nilitaka kusimama. Nilikuwa na kinywa na nilikatazwa kukitumia, na juma lijalo padre angeondoka.

Lakini matanga ya kwetu yana watu ambao hawakatazwi kitu. Ni wajukuu wa marehemu, mjini wanaitwa bizukulu. Si lazima wawe watoto wa watoto wake, ni hesabu ya ukoo. Mwenye kuwaongoza siku ile alikuwa mama mmoja muuza makaa, aliyemzidi mume wangu umri kwa mbali, naye kwa hesabu alikuwa mjukuu wake na alimwita babu. Kazi ya bizukulu ni kutania msiba. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama alivyotembea, wanasema alivyokuwa mchoyo, wanamtoza faini kila anayepita. Na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ukikasirika, faini inapanda.

Nilimvuta kanga yake nikamnong'oneza nilichosikia. Alinifanya nirudie.

"Mbele ya karatasi, ni kusema nini?"

"Ni kusema kazi ilikuwa yake."

"Na banamuondoa?"

"Leo hii."

Mama yule aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka amevaa koti jeupe la maabara la mume wangu na miwani yake ya akiba, chini kanga ya maua. Wanawake waliokuwa wakilia wakaziba vinywa. Akatoka nje kupitia katikati ya wanaume, amejikunja, akitazama chini, akichuma majani ya uwanja wetu ambayo hayakuwepo, akiyafunga ndani ya gazeti ambalo halikuwepo, akiyanusa, akitikisa kichwa. Ndivyo alivyokuwa. Mimi niliyaona hayo dirishani nikacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali, nikaona haya.

Nyuma yake akaja kizukulu mwingine, mwanamume, amefunga mto tumboni, amechukua kiti kizima cha plastiki. Kila mama yule alipoinama kuchuma, yeye aliweka kiti mgongoni mwake akataka kukaa.

"We mukubwa, unaenda wapi na kiti?"

"Ninafanya utafiti!"

"Utafiti iko chini, inama!"

"Mi ninainamaka hapana. Ninasainiaka tu."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mwalimu wa Warumi alicheka kuliko wote, kwa kuwa hakujua bado kwamba zamu yake inakuja. Alifika kizukulu wa tatu akivuma kwa midomo kama jenereta, akazunguka, akazima, akauliza, "Zinaliwa?"

Profesa alitabasamu kwa mdomo. Alijua desturi.

Saa ya kutoa jeneza, bizukulu wakajilaza mlangoni. Hiyo nayo ni desturi, hulipwa kidogo wakaondoka. Kaka akaleta kuku. Mama yule, bado ndani ya koti, akamtazama yule kuku akasema hamtaki.

"Unataka nini?"

"Ninataka ule baba wa Golf aje hapa."

Profesa akasogea. Wanaume waliobeba jeneza walisimama, mabega yamelemewa.

"Babu yangu anaendaka fasi gani mu ile karatasi?"

"Mama, hii ni mambo ya sayansi. Tutaongea kisha."

"Sayansi iko wapi hapa? Hapa kuko maiti na bantu banachoka kumubeba. Sema mbele yake."

"Mama, muntu akikufa..."

"Akikufa, kazi yake inakuwa ya nani? Ya mutoto wa dada ya bibi yako?"

Hapo ndipo kila mtu alipoelewa, hata fundi wa viatu. Na mwenye lori, ambaye alikuja na gunia zima la maharage kwa ajili ya msiba, akasema kwa ile sauti yake ya barabarani: "Konvoyeri wangu, jibu mama, tuendeshe!"

Profesa aligeuka. "Konvoyeri nani?"

"Si njo weye? Unakaaka nyuma yangu."

Sijui ni nini kilichomshinda, aibu au kicheko. Nadhani alikuwa akimwona mume wangu, mwanafunzi wake mpole, akimpanga juu ya magunia bila yeye kujua. Alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kilio, akashika ukingo wa jeneza. Akasema, "Anabaki mbele. Ninasema mbele yake. Anabaki mbele."

"Na mi?" akauliza mama muuza makaa, bado amelala mlangoni.

"We nini?"

"Mi nimetoka jasho leo."

Akaahidiwa naye nafasi, mahali pa shukrani. Akaondoka mlangoni, akamchukua na yule kuku.

Sikuwa na hakika. Ahadi iliyotolewa kwa bizukulu kwetu hairudishwi, lakini sijui kama mtu mwenye vitabu vingi anafungwa nayo akishafika Golf. Padre aliondoka na bahasha, na hakuna aliyeifungua mbele yangu. Miezi ikapita. Fedha zikabadilishwa, zikafa, zikabadilishwa tena. Nilikaanga mandazi nikauza. Kila nilipowafungia wateja mandazi yao ndani ya karatasi kuukuu za mitihani ya chuo, nilitazama kwanza jina gani liko juu.

Siku ya kumaliza kilio, profesa alikuja kwa miguu kutoka Golf, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, na bahasha yenye stempu za Ulaya. Familia ilikuwa imenifungua, yaani nimeoga, nimevaa nguo nyingine, nimerudishiwa mdomo wangu. Watu walewale walikuwepo. Karatasi ilizunguka mikono kabla ya kunifikia, wakisifu weupe wake. Mwenye lori aliikagua kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini jina la marehemu limewekewa msalaba mdogo pembeni na lake halikuwekewa, na yeye ni shemasi.

"Ni ya wafu, patron," profesa akasema. "Bantu ba kule basimuandikie barua."

"Ah. Basi mi nitangoja."

Mama muuza makaa alimtaka mtu amtafutie lake. Alikuwa ukurasa wa mwisho kweli, kwa jina na ukoo, akishukuriwa baada ya wachimbaji wa Kambove. Akataka kujua wachimbaji wamefanya nini cha kumtangulia. Na yule kijana, mtoto wa dada ya mke wa profesa, naye alikuwamo, kati ya mkuu wa idara na jenereta. Profesa aliona nimemwona. Akakohoa. "Ni katikati tu," akasema.

Kisha kaka ya mume wangu akasema mimi nisome majina, kwa sauti, wazee wasikie. Ni Kifaransa, lakini majina ni majina. Nikasimama. Sauti ilikuwa imekaa bila kazi muda mrefu, ikatoka na kutu. Nikasoma jina la mume wangu, yote matatu: la babu yake, la kwake na la ubatizo. Nikangoja. Nikasoma la pili, la yule mwenzake wa treni. Nikakunja karatasi, nikaitia ndani ya nguo kifuani.

"Mama, na ingine?" mwenye lori akapiga kelele, nusu amesimama. "Soma na ku nyuma!"

"Bengine bako hapa," nikasema. "Basome benyewe."